Mtoto wa Sinema Aliyevaa Sare ya Kweli

Kila tarehe 1 Julai, gwaride la Siku ya Uhuru linapomalizika mjini Bujumbura na askari wakarejea makambini, huanza gwaride la pili ambalo halikupangwa na mkuu yeyote. Katika vichochoro vya Buyenzi, na katika nyua za nyumba za askari na polisi, watoto hujipanga mstari. Fimbo huwa bunduki, kopo la maziwa huwa ngoma, na mtoto mwenye sauti kubwa kuliko wenzake hujitwalia ukamanda. Hutoa amri, hupiga saluti, hukagua kikosi chake kwa uso mkavu usio na dalili ya kicheko. Watu wazima husimama kutazama, nao hucheka, na aghalabu mmoja wao husema: "Huyu atakuwa ofisa."

Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna swali ambalo mzazi hana budi kulitafakari. Kumwiga ofisa ni jambo moja, na kuwa ofisa ni jambo jingine. Je, kati ya mambo hayo mawili ipo njia gani? Na yule mtoto mwenye kipawa, anayesifiwa leo kwa kuimba, kucheza ngoma au kuigiza, atakuwa nani siku ile sauti yake itakapovunjika na ndevu zikaota?

Kisa tunachowaletea wasomaji wetu safari hii kimetoka mbali, katika jimbo la California nchini Marekani. Hata hivyo, mafunzo yake yanaingia katika nyumba yoyote yenye mtoto, na hasa katika nyumba yenye sare iliyotundikwa ukutani. Ni kisa cha Frank Coghlan, ambaye watazamaji wa sinema walimjua kwa jina la Junior. Alianza kuonekana katika picha za sinema angali mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, akawa rubani, na akalitumikia jeshi hilo kwa miaka 23.

MTOTO MWENYE VIDOADOA USONI

Frank Coghlan alizaliwa tarehe 15 Machi 1916 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, mashariki mwa Marekani. Wazazi wake walihamia California, na huko ndiko sinema ilikokuwa ikikua kwa kasi kama mji unaojengwa usiku na mchana. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka minne hivi, alianza kutumiwa katika picha kama mmoja wa watu wa kujaza uwanja, wale wanaopita nyuma ya wachezaji wakubwa na ambao majina yao hayaandikwi popote.

Wakati huo sinema ilikuwa bado bubu. Watazamaji waliona midomo ikitikisika lakini hawakusikia neno. Maandishi machache yalitokea kwenye pazia, na mpiga kinanda aliketi ukumbini akifuatisha hali ya mchezo. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa juu ya uso na mwili wa mchezaji. Mtoto aliyeweza kulia, kushangaa na kuchekesha bila kusema chochote alikuwa mali. Junior Coghlan alikuwa na uso wa namna hiyo: uso wenye vidoadoa na macho ya mtoto wa mtaani asiye na mtu. Mtengenezaji mashuhuri wa sinema, Cecil B. DeMille, alimwona, akamwekea mkataba wa miaka kadhaa.

Mwaka 1927 peke yake, Junior alionekana katika picha kadhaa zilizotazamwa na watu wengi. Katika "The Yankee Clipper" alikuwa mtoto aliyejificha ndani ya merikebu ya matanga iliyokuwa ikishindana na nyingine katika safari ndefu ya kutoka China. Huenda hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba kijana huyo aliyekuwa akicheza juu ya sitaha angekuja kuwa ofisa wa majini kwa kweli. Mwaka huohuo alicheza pia katika "Slide, Kelly, Slide", picha inayohusu mchezo wa besiboli.

Kisha sauti ikaingia katika sinema, na mambo yakageuka. Wachezaji wengi waliokuwa wakisifiwa walianguka, ama kwa sababu ya sauti zao, ama kwa sababu watazamaji walitaka nyuso mpya. Junior aliendelea. Mwaka 1931 alikuwamo katika "The Public Enemy", akicheza utoto wa mhalifu ambaye ukubwani alichezwa na James Cagney. Mwaka 1932 alicheza katika "The Last of the Mohicans", picha ya mfululizo iliyoonyeshwa sehemu baada ya sehemu, watoto wakirudi ukumbini kila wiki kujua yaliyompata shujaa wao. Katika miaka ya 1933 na 1934 alicheza katika vichekesho vifupi pamoja na msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anachipukia, akiwa dada yake katika michezo hiyo. Msichana huyo alikuwa Shirley Temple. Haukupita muda, dada akawa maarufu duniani nzima, na kaka akabaki akitafuta kazi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Seremala akikua, mkono wake huzidi kuwa mwepesi. Mwalimu akikua, heshima yake huongezeka. Lakini mtoto wa sinema, kadiri anavyokua, ndivyo anavyopoteza kile alichokuwa akilipwa kwa ajili yake. Urefu unaomfurahisha mama nyumbani humtia hofu mwenye kampuni. Junior alianza kupata sehemu ndogondogo. Katika "Gone with the Wind" ya mwaka 1939, picha iliyojaza kumbi za sinema kila ilipopelekwa, alionekana kwa muda mfupi tu kama askari kijana aliyechoka, anayeanguka njiani jeshi lake likirudi nyuma kwa kushindwa.

NENO LA KUGEUKA SHUJAA

Mwaka 1941 alipata sehemu iliyomfanya akumbukwe hadi leo. Kampuni ya Republic ilitengeneza picha ya mfululizo yenye sehemu 12 iitwayo "Adventures of Captain Marvel". Hadithi yenyewe ilitokana na vitabu vya picha vya watoto. Kijana aitwaye Billy Batson anapewa nguvu na mzee wa maajabu. Kila anapotamka neno "Shazam", moshi hufuka, na pale alipokuwa amesimama kijana huonekana mtu mzima mwenye misuli, asiyedhurika kwa risasi, anayeruka angani kama ndege.

Junior Coghlan, aliyekuwa amefika umri wa miaka 25, alicheza sehemu ya Billy. Lakini shujaa mwenyewe alichezwa na mtu mwingine, Tom Tyler. Kazi ya Junior ilikuwa kulitamka neno lile, kisha kuondoka mbele ya kamera ili mwingine aingie. Hata kuruka kwenyewe hakukuwa kuruka kwa mtu. Mara nyingi kilichopita angani kilikuwa sanamu iliyovishwa nguo za shujaa na kuteremshwa juu ya nyaya.

Tuyaangalie mambo hayo kwa makini. Mtu wa miaka 25 angali anaitwa Junior, yaani "Mdogo". Angali anacheza ujana. Wakati wa ushujaa ukifika, hana budi kusogea kando. Mwingine angeridhika kuishi hivyo hadi simu ya kampuni iache kulia kabisa, kisha akamaliza maisha yake akilalamika kwamba dunia haina shukrani.

Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, ndege za Japani zilishambulia kambi ya manowari za Marekani katika Pearl Harbor. Nchi ile ikaingia vitani. Mwaka 1942, Frank Coghlan akaingia Jeshi la Wanamaji na kufunzwa urubani. Yule kijana aliyekuwa akisogea kando ili sanamu iruke kwenye nyaya, sasa aliketi yeye mwenyewe kwenye usukani wa ndege.

KUANZA UPYA MSTARI WA NYUMA

Msomaji ambaye ni askari anajua maana ya hatua hiyo kuliko mwandishi yeyote atakavyoeleza. Jeshi halimpokei mtu kwa sifa alizokuja nazo. Mkufunzi hajali kwamba picha yako ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa sinema. Anajali kama umeamka saa iliyotakiwa, kama umesafisha ulichoagizwa kusafisha, na kama umelielewa somo la jana. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi anapoingia katika mahali pasipo na makofi, aghalabu hujiona amedhulumiwa. Asipoushinda moyo wake siku hizo za kwanza, hatakaa.

Urubani nao una ukali wake. Katika sinema, mchezaji akikosea, mwongozaji husema irudiwe. Wanarudia mara mbili, mara tano, mara kumi, hadi ipatikane ile inayofaa, na zile mbovu hutupwa. Rubani hana marudio. Akikosea kusoma kipimo cha mafuta, au akidharau wingu lililo mbele yake, hapati nafasi ya kuanza tena. Ndiyo maana mafunzo ya anga huanza darasani, na mwanafunzi husoma hali ya hewa, dira na mitambo kabla ya kukabidhiwa ndege.

Hata hivyo, si kweli kwamba utoto wake ulikuwa kazi bure. Mtoto aliyefanya kazi katika sinema za wakati ule alijifunza mambo ambayo watoto wengi hawajifunzi: kufika kazini kwa wakati, kungoja kwa saa nyingi bila manung'uniko, kusikiliza maagizo na kuyafuata mara moja, na kutulia watu wengi wakimtazama. Hayo ni mambo ya nidhamu, na nidhamu haiulizi ilijifunzwa wapi. Mzazi anayemfunza mtoto wake kazi yoyote kwa utaratibu, iwe kushona, kulima au kupiga ngoma, anamwekea akiba asiyoiona kwa macho.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mamilioni ya Wamarekani walivua sare wakarudi makwao. Wachezaji wengi wa sinema waliokuwa wameingia jeshini walirudi mbele ya kamera. Coghlan alichagua kubaki. Hili ndilo jambo kubwa katika maisha yake kuliko kuingia kwenyewe. Wakati wa vita, taifa zima lilikuwa likivaa sare. Wakati wa amani, sare humvaa yule aliyeamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

OFISA ALIYEJUA LUGHA MBILI

Jeshi la Wanamaji halikuwa la kupoteza ujuzi uliokuwa mkononi mwake. Lilikuwa na mpango wa kushirikiana na kampuni za sinema, na Coghlan aliwekwa katika kazi hiyo. Kampuni iliyotaka kutengeneza picha kuhusu manowari, na kuomba iazimwe meli, ndege au mabaharia, ilibidi izungumze na jeshi. Jeshi nalo lilitaka kujua hadithi inasema nini, na kama saluti, vyeo na taratibu za melini zitaonyeshwa kama zilivyo. Kati ya pande hizo mbili alihitajika mtu anayejua lugha zote mbili, ya kambini na ya jukwaani. Coghlan alitumika kama ofisa wa uhusiano katika picha kama "The Caine Mutiny" na "The Bridges at Toko-Ri" za mwaka 1954, "Mister Roberts" ya mwaka 1955, "PT 109" ya mwaka 1963 na "In Harm's Way" ya mwaka 1965.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini jeshi lijishughulishe na hadithi za sinema? Sisi tukaao ukingoni mwa Ziwa Tanganyika tunao mfano wetu. Mwaka 1951 ilitoka picha maarufu ya "The African Queen", iliyotokana na riwaya ya mwaka 1935, nayo riwaya hiyo ilitokana na vita vya ziwani humu katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika picha, mwanamume na mwanamke wenye mashua mbovu wanaizamisha meli kubwa ya Wajerumani kwa mabomu waliyoyatengeneza wenyewe. Ukweli ni mwingine. Waingereza walizivusha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ya nchi kavu kupitia Kongo, wakaziteremsha ziwani mwaka 1915. Ile meli kubwa, Graf von Götzen, haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wengi wa bandari ya Bujumbura wanalijua vizuri.

Basi, mtu aliyeitazama picha ile bila kujua historia alitoka ukumbini akiamini jambo lisilotokea. Hadithi inayo haki ya kupamba, lakini askari wa kweli, waliovuja jasho na damu, wanayo haki ya kutosahauliwa nyuma ya mapambo hayo. Mahali pa Coghlan palikuwa hapo, katikati ya haki hizo mbili.

Alistaafu mwaka 1965 akiwa luteni kamanda, cheo kinacholingana na meja katika jeshi la nchi kavu. Tangu aonekane katika sinema mwaka 1920 hadi picha ya Shazam mwaka 1941 ilikuwa miaka 21. Jeshini alikaa miaka 23. Baada ya kustaafu alirudi kucheza sehemu ndogondogo, na mwaka 1974 televisheni ilipotengeneza upya hadithi ya Shazam, alialikwa kuonekana humo. Mwaka 1993 alichapisha kitabu cha maisha yake alichokiita "They Still Call Me Junior", maana yake kwamba watu bado wanamwita Mdogo. Alikwisha kuwa mzee wa miaka 77. Alifariki tarehe 7 Septemba 2009, akiwa na umri wa miaka 93.

WENZAKE WALIPATWA NA NINI?

Ili tuelewe thamani ya njia aliyoifuata, yafaa tuwatazame watoto wengine waliocheza sinema katika miaka hiyohiyo.

Wa kwanza ni Jackie Coogan, aliyezaliwa mwaka 1914. Mwaka 1921 alicheza pamoja na Charlie Chaplin katika "The Kid", akawa mmoja wa watoto mashuhuri kabisa ulimwenguni. Alipata mamilioni ya dola. Alipotimiza umri wa mtu mzima na kuuliza zilipo fedha zake, aliambiwa kwamba sheria inazihesabu kuwa za wazazi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo. Kesi ilipomalizika, alipewa dola 126,000 hivi, sehemu ndogo tu ya jasho la utoto wake. Watu walihuzunika, na mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria iliyoiwezesha mahakama kuamuru kwamba sehemu ya mapato ya mtoto wa sinema iwekwe akiba hadi akue. Hadi leo sheria hiyo huitwa kwa jina la Coogan.

Coogan naye alivaa sare. Alijiunga na jeshi mwaka 1941, akawa rubani wa ndege zisizo na injini, na usiku mmoja wa Machi 1944 aliteremsha askari nyuma ya mistari ya Wajapani katika misitu ya Burma. Katika nchi hiyohiyo na mwaka huohuo walikuwa wakipigana vijana wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11, na pamoja nao ilifanya kazi hospitali ya uwanjani iliyotoka Kongo ya Wabelgiji. Hivyo vita vile vilimkutanisha mtoto wa sinema wa California na mtoto wa mkulima wa Afrika katika matope ya nchi moja, ingawa hawakujuana. Vita vilipokwisha, Coogan alirudi katika uigizaji.

Wa pili ni Robert Hutchins, aliyependwa sana na watazamaji kwa jina la Wheezer katika vichekesho vya watoto vya "Our Gang". Naye alijiunga na jeshi ili awe rubani. Tarehe 17 Mei 1945, akiwa katika mafunzo huko Merced, California, ndege yake iligongana na nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 20. Katika sinema, aliyeanguka huinuka na kufuta vumbi. Familia za askari zinajua kwamba chini ya sare ya kweli jambo hilo haliko. Tangu mwaka 2007, Burundi ilipoanza kupeleka askari wake kulinda amani nchini Somalia, ni mama wangapi wa Bujumbura walikesha karibu na redio wakingoja habari za Mogadishu?

Wa tatu ni yule dada wa kuigiza, Shirley Temple. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba kati ya zaidi ya dola milioni tatu alizozipata, zilikuwa zimebaki kama dola 44,000 tu. Hakukaa akalia. Alisoma mambo ya dunia, akaingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1974 akawa balozi wa Marekani nchini Ghana. Kaka na dada wa kuigiza wote wawili walikuja kuwa watumishi wa taifa lao.

SOMO KWA NYUMBA ZETU

Turudi sasa Buyenzi, kwa yule kamanda mdogo mwenye fimbo.

Jambo la kwanza: mwacheni aigize. Nchi yetu inaijua nguvu ya mchezo. Mwaka 1997, nchi ingali vitani, studio moja ya Bujumbura iitwayo Studio Ijambo ilianza kutangaza mchezo wa redio wa "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye jamaa, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulisimulia maisha ya nyumba mbili za majirani, Wahutu na Watutsi, na watu walikusanyika kuusikiliza. Kadhalika, mchezo wa ngoma za Burundi, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi wa dunia, umedumu kwa sababu mtoto alisimama nyuma ya baba yake akamwiga hadi mkono wake ukajua. Mtoto hukua kwa kuiga.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto na aigize uaskari, lakini asiwe askari. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, wapo watoto wa nchi hii ambao fimbo ziliondolewa mikononi mwao wakapewa bunduki. Kati ya mwaka 2004 na 2006, zaidi ya watoto 3,000 walitolewa katika vikosi mbalimbali na kurudishwa kwa jamaa zao. Wengine walirudi wamesahau kucheza. Frank Coghlan alivaa sare akiwa na miaka 26, kwa hiari yake, akijua anachokifanya. Umri na hiari ndivyo vinavyotenganisha utumishi na uporaji wa utoto. Askari na polisi wanaosoma ukurasa huu, ninyi ndio walinzi wa kwanza wa mpaka huo.

Jambo la tatu: kipawa kisimpokonye mtoto shule. Kijana anayetamani kuwa ofisa atakutana na mlango wa chuo. ISCAM, chuo ambacho kwa miaka mingi kimefunza maofisa mjini Bujumbura, husomesha mambo ya kambini pamoja na elimu ya juu, na elimu ya juu husimama juu ya sekondari. Mtoto anayezungushwa kwenye sherehe kila wiki ili aimbe, huku daftari likijaa vumbi, anaibiwa na watu wanaompenda. Leo wanamtunza noti. Kesho sauti itavunjika na noti zitakwisha.

Jambo la nne linahusu noti hizohizo. Mtoto akipata malipo kwa kipawa chake, hata yakiwa madogo, kuna haki yake ndani yake. Mzazi atasema: "Nimemlisha, nimemvisha." Ni kweli, lakini kulisha ni wajibu wa mzazi, wala si deni la mtoto. Baba na mama waelewane mapema ni kiasi gani kitumike nyumbani na ni kiasi gani kiwekwe kwa jina la mtoto, kwa ajili ya karo, vitabu au kuanzia kazi. Wamuonyeshe hesabu yenyewe, ajue kinachoingia na kinachotoka. Coogan alihitaji mahakama. Nyumba yenye uaminifu inahitaji daftari moja na kalamu.

Jambo la mwisho ni la mtu mzima mwenyewe, awe askari anayekaribia kustaafu, fundi aliyepoteza karakana, au mwanamuziki ambaye hachezwi tena redioni. Kuanza upya si aibu. Coghlan alikuwa na jina lililojulikana na maelfu, akakubali kusimama mstari wa nyuma pamoja na vijana wasiojulikana na yeyote. Na alipoanza upya hakukitupa alichokijua zamani. Alikihifadhi, na siku ilipofika kikawa na kazi. Katika nchi yetu wamo wengi waliobadilisha maisha baada ya vita, waliotoka msituni wakaingia katika jeshi la taifa, au waliotoka jeshini wakashika jembe. Kila mmoja alikuja na jambo alilolijua. Mwenye busara hulitafutia mahali.

Katika ile picha ya mwaka 1941, kijana hutamka neno moja, moshi ukafuka, naye akawa shujaa. Watoto waliipenda kwa sababu kila mtoto hutamani kukua kwa siku moja. Lakini kijana aliyelitamka neno lile mbele ya kamera alikuja kuwa ofisa kwa njia nyingine: darasa baada ya darasa, zamu baada ya zamu, mwaka baada ya mwaka, hadi ikatimia miaka 23.

Jioni ya leo, huenda tena kikosi kidogo kikapita mbele ya mlango wako, kopo likilia na fimbo zikiwa mabegani. Kipokee saluti yake kwa heshima. Kisha mwite yule kamanda ndani, umuulize kama amemaliza hesabu alizopewa na mwalimu.